Falaki si Ramli

Tumepokea barua ya mzee mmoja wa Msanzi, huko Ufipa. Mwanawe amemaliza kidato cha sita, amefaulu fizikia na hisabati, na sasa ataka kusoma falaki katika chuo kikuu. Mzee aona haya. Jirani wamekwisha kumwuliza, ati kijana ataka kuwa mpiga ramli? Naye atuuliza sisi: mtu wa kazi hii hufanya nini kutwa, na riziki yake huipata wapi?

Hatumlaumu mzee wetu. Lugha yetu yenyewe ndiyo iliyomchanganya, kwani neno hilo moja, falaki, twalitumia kwa mwenye kuhesabu mwendo wa nyota, na pia kwa yule akaaye barazani na kitabu chake akimwambia mtu nani aliyemroga. Huyu wa pili hatuna haja naye. Dini imekwisha kumkataza.

Mwanafalaki wa chuo kikuu kwanza ni mwalimu. Hufundisha fizikia darasani, husahihisha mitihani, na huwaongoza wanafunzi waandikao tasnifu zao. Mshahara wake, basi, watoka zaidi katika ualimu. Utafiti huufanya katika saa zinazobaki. Huandika maombi ya kutumia darubini kubwa, kama ile ya Sutherland, Afrika Kusini, iliyozinduliwa mwaka 2005, ambayo kioo chake chakaribia upana wa mita 11. Waombaji ni wengi kuliko usiku uliopo. Hata akikubaliwa, huenda akapewa saa chache tu, na wingu likitanda, basi tena. Lakini saa hizo chache zaweza kumpa kazi ya mwaka mzima: kupanga tarakimu, kupima, kukosea, kurudia, hata aandike makala ambayo wenziwe wataikagua kabla haijapigwa chapa. Sisi twadhani mtu huyu hukesha nje kila usiku. Kumbe mara nyingi yumo ndani, mbele ya kompyuta.

Hapa kwetu mfano ulio karibu ni Dakta Noorali Jiwaji, aliyefundisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki kama pete huko Rujewa, mkoani Mbeya, yeye alikuwa miongoni mwa waliowaeleza watu sababu yake, na jinsi ya kutazama pasipo kuyadhuru macho. Ufipa nako jua lilifunikwa sehemu kubwa. Bila shaka mzee wetu aikumbuka siku ile. Kuwaondolea watu hofu nayo ni kazi ya mwalimu huyu. Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Naye, pamoja na huzuni yake, aliwakatalia, akawafahamisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu yeyote. Leo yajulikana kwa hesabu kuwa tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote, mchana, huko Makka. Hapana ramli katika hilo.

Njia ya kijana ni ndefu, hatutamficha. Aanze na shahada ya fizikia. Shahada ya pili na ya tatu huenda zikampeleka mbali, kama Cape Town, ulikoanzishwa mwaka 2003 mpango wa kufundisha elimu hii. Nafasi za kazi ni chache. Lakini akiikosa falaki, fizikia haitamwacha na njaa, maana shule zetu zalia kwa uhaba wa walimu wake.

Na mzee naye, je, hakupata kulima kwa kutazama Kilimia? Waarabu huziita nyota hizo Thurayya, na ile nyekundu izifuatayo wakaiita Dabarani, yaani mfuasi. Wazungu hata leo huiita Aldebaran. Nuru ya Kilimia hutembea zaidi ya miaka 400 kabla ya kufika Msanzi. Mwezi wa Septemba, mvua hazijaanza na anga ya Ufipa ni safi, kijana na aazime darubini ya macho mawili, amwamshe baba yake saa nane za usiku. Watazame upande wa mashariki kaskazini. Kwa macho matupu watahesabu nyota sita au saba. Kwa darubini watashindwa kuhesabu. Wavae makoti mazito, kwani baridi ya huko twaijua.