Nani Kasema Pemba Haina Historia ya Vita?

Watu wengi wanaamini, na sisi Wapemba tumo, kwamba vita vya pwani ni habari za Mombasa, Kilwa na Unguja. Huko ndiko kwenye ngome, mizinga na masultani. Pemba ni karafuu na watu wapole, basi. Imani hii si kweli, na inatudhulumu.

Kwanza hizo karafuu. Kilimo chake kilistawi kwanza Unguja, enzi za Sultani Sayyid Said wa Oman. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya huko, ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo ndipo sisi tukawa watu wa karafuu. Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, sifa ya Pemba ilikuwa mpunga. Na mpunga huo ulipiganiwa.

Wareno walianza kujenga ngome ya Fort Jesus huko Mombasa mwaka 1593. Mtoto wa shule anafundishwa unene wa kuta zake na kuzingirwa kwake na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698. Hafundishwi askari wa humo walikuwa wakila nini. Mombasa haikujitosheleza kwa chakula. Mchele wake ulivushwa kutoka Pemba. Askari mwenye njaa hapigi mzinga.

Wamazrui walilijua hilo vizuri kuliko wanaoandika vitabu vyetu. Karne ya 18, wakiwa watawala wa Mombasa, waliishika Pemba. Sayyid Said naye, alipoamua kuwavunja, hakuanzia kwenye kuta za Fort Jesus. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 aliwanyang'anya Pemba kwanza. Wakajaribu kuirudisha kwa silaha, wakashindwa. Mwaka 1824 wakaingia chini ya bendera ya Uingereza kwa mapatano na Kapteni William Owen, na sharti lao mojawapo lilikuwa warudishiwe milki zao za zamani. Waingereza wakaondoka 1826, Pemba haijarudi. Mwaka 1837 utawala wa Wamazrui ukaisha. Ndiyo, fitina za ndani ya ukoo zilichangia sana. Lakini Mombasa iliyopoteza shamba lake la mpunga ilikuwa imekwisha kudhoofika.

Halafu kuna Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake. Tukilitaja boma la huko, la mtawala Mkama Ndume, tunasimulia ukatili wake tu: eti aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio, na kisima alikitia ukuta katikati ili wake zake wasikutane. Nenda ukaliangalie kwa macho ya mtu wa vita. Kuna tuta la kujihami lililozunguka eneo zima, na upande wa mikoko kuna njia ya maji ya kuingizia vyombo. Wanaakiolojia wanalihesabu kuwa la karne ya 15 hivi, kabla Mreno hajafika. Mtu hajengi boma la namna hiyo mahali pasipo na adui wala kitu cha kulinda.

Ngome ya Chake Chake sehemu kubwa ilibomolewa kupisha hospitali, na kilichobaki ni makumbusho. Pujini inamezwa na magugu. Tukiendelea kuamini kwamba hatukuwa na vita, hatutaona sababu ya kuyalinda mabaki haya.

Mwalimu wa historia, usiwafundishe watoto Fort Jesus bila kuwataja waliolima mpunga ulioilisha. Na ukiwa Pemba, wapeleke Pujini.