Nyumba ya katikati ao parseli ya kando?

Juma hili nawaletea neno ambalo limegawanya nyumba yetu tangu mvua ilipopungua. Baba watoto ameonyeshwa parseli. Ni kubwa, iko kando kabisa ya mji, kwenye njia ya kwenda Kabambare, na bei yake haitishi. Mbele kuna miembe mitatu. Nyuma kuna udongo mweusi ambao mama mkwe aliushika mkononi akacheka peke yake. Sisi tunakodi vyumba viwili hapa katikati ya Kasongo, na kila mwisho wa mwezi tunatoa faranga ambazo hazitarudi. Kwa baba watoto hesabu imekwisha: kukodi ni kumwaga maji mchangani, parseli ni mali ya watoto.

Mimi nilikataa. Ao niseme vizuri: niliomba miezi miwili ya kufikiri, na katika nyumba yetu hiyo ni njia ya heshima ya kukataa. Nawaandikia ninyi kwa sababu mnajua hesabu ile nyingine, ambayo wanaume hawaiandiki.

Nikitoka mlangoni nafika darasani kwa dakika kumi. Soko liko karibu: naweza kununua sombe na mawese saa kumi na moja ya jioni, nikapika, na watoto wakala kabla ya giza. Pampu ya maji iko njia ya pili. Binti yangu mkubwa anachota bidoni mbili asubuhi na hachelewi masomo. Duka la dawa, mashine ya kusaga mihogo, kanisa, msikiti, kijana anayechaji simu kwa jua, pikipiki za kwenda Kindu, vyote navifikia bila kuuliza bei ya usafiri. Kule kando kila kimoja cha hivyo ni mguu wa mama. Si mguu wa baba, maana yeye ana baiskeli.

Kama mwalimu naona jambo lingine. Tangu mwezi wa tisa 2019 serikali iliondoa malipo ya masomo ya msingi katika shule zake, na benchi iliyokuwa ya watoto watatu ikapokea watano. Tulifurahi. Lakini njia haikuondolewa malipo. Wanaotoka mbali wanafika wamelowa, somo la kwanza limekwisha, na mvua zikiwa nyingi wasichana ndio wanaanza kukosa, mmoja mmoja, kwa sababu maji ya nyumbani nayo yako mbali. Nikisoma majina asubuhi naweza kukuambia nani anakaa wapi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sikutaka kulisema mbele ya mama mkwe.

Katika miaka ya 1970 waganga wa hapa kwetu pamoja na wa Chuo cha Magonjwa ya Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi kubwa Kasongo. Hadi leo wanaosoma afya katika nchi nyingine wanalijua jina la mji wetu kwa ajili ya mradi huo. Jambo moja walilochunguza ni hili: je, siku ya kupima mimba, muganga anaweza kujua mapema ni mama yupi mtoto wake atakwama wakati wa kuzaa? Jibu lilitolewa katika 1984. Katika kila wamama 10 walioambiwa kwamba wako hatarini, 9 walizaa bila kukwama. Na katika wale waliokwama kweli, 71 kwa 100 hawakuwa wameambiwa kitu. Walitoka kupimwa wakirudi nyumbani na moyo mweupe.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka wifi yangu. Anakaa kijijini, upande wa Kabambare. Alikuwa amezaa watatu salama, hakuna aliyemwogopea. Uchungu wa mtoto wa nne ulianza jioni. Usiku wakambeba kwa kipoyo, wanaume wanne wakipokezana, kisha wakakuta kijito kimejaa wakasubiri mpaka mapambazuko. Alifika hospitali jua limepanda. Yeye alipona. Mtoto tulimzika Kasongo, kwa sababu hakukuwa na nguvu ya kumrudisha.

Sisemi kwamba kijiji ni kifo. Mradi ule ule ulionyesha pia kwamba vituo vya afya vikisogezwa karibu na watu, magonjwa mengi yanamalizwa huko huko na wagonjwa wachache tu wanahitaji kitanda cha hospitali. Ukaribu unaweza kujengwa. Lakini mimi nina umri wa kuzaa bado, na siwezi kuzaa nikingojea kituo kijengwe.

Wifi mwenyewe, nikimwambia ahamie mjini, ananicheka. Ana mpunga wake ghalani. «Ninyi wa Kasongo mnanunua hata jani la muhogo,» anasema, na ni kweli. Katikati tunakaa ukuta kwa ukuta, choo cha jirani kinatusalimia mchana, muziki wa baa hauulizi kama mtoto ana homa. Watoto wangu wanashika jembe kama kalamu. Na tena nyumba ya katikati haina mlango! Kila ndugu anayeleta mgonjwa kutoka Kabambare analala kwetu, yeye na mlinzi wa mgonjwa na kuku wa asante. Mwaka jana tulilala watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Sikuweza kulalamika, maana mmoja wao alikuwa wifi.

Wala mahali pa njia nyingi si pa baraka tu. Kabambare na Kasongo zilikua kwenye njia ya misafara kutoka Ujiji kwenda Nyangwe, na njia hiyo ilibeba pembe na watumwa. Wanawake walivuka Lualaba kwa mitumbwi kuja kuuza sokoni Nyangwe, na tarehe 15 mwezi wa saba 1871 watu wa wafanyabiashara waliwapiga risasi sokoni hapo. Livingstone aliona kwa macho yake. Hata katika vita tulizoziona sisi, waliokaa barabarani walikimbia wa kwanza. Baba watoto ananikumbusha hilo, na sina la kumjibu.

Basi nilimwomba kitu kimoja. Jumamosi iliyopita tulikwenda wawili mpaka parseli, kisha tukatafuta maji yaliyo karibu nayo, akarudi na bidoni ya lita 20. Mimi nilishika saa. Alipumzika mara nne, mara ya tatu alisema ni kamba ya kiatu. Tulipofika chini ya miembe tukakaa kimya, upepo mzuri kweli.

Jumatatu alimuuliza mwenye parseli kama anajua nyingine, ndogo, upande wa hospitali. Bado tunatafuta. Mama mkwe hajaambiwa.