Waraka kwa Wanachama: Sahihi Sitini

Kwa wanachama wote wa umoja wetu wa majirani, Bogor, Indonesia.

Ndugu zangu,



Nawaandikia kwa ajili ya karatasi ya kuunga mkono ujenzi wa kanisa, ambayo wengi mmeshaiona ikipita nyumba kwa nyumba, yenye nafasi ya jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Tangu Machi 2006, kanuni ya pamoja ya Waziri wa Dini na Waziri wa Mambo ya Ndani inamtaka kila anayejenga nyumba ya ibada apeleke majina 90 ya waumini watakaoitumia, pamoja na sahihi 60 za wakazi wa hapo wanaomuunga mkono. Wale 90 hupatikana. Sitini ndio sisi.

Najua kwa nini kalamu huwa nzito. Katika sebule nilizokaribishwa chai sikumkuta anayewachukia Wakristo, nilimkuta anayeogopa kuulizwa baada ya sala ya Ijumaa, "Hivi na wewe umetia sahihi?" Siudharau woga huo, nami nimeuonja. Lakini tazameni ulichozaa hapa hapa mjini kwetu. Waumini wa kanisa la GKI Yasmin walipata kibali cha ujenzi mwaka 2006. Baadaye ikadaiwa kwamba sahihi za majirani zilighushiwa, ujenzi ukazuiwa, na hata Mahakama ya Juu ilipowapa haki mwaka 2010, eneo lao likabaki limefungwa. Kuanzia 2012 wakawa wanasali juani mbele ya Ikulu, Jakarta, wao na wenzao wa kanisa la HKBP Filadelfia kutoka Bekasi. Kanisa lao likaja kufunguliwa 2023, tena mahali pengine. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kibali kile alikuwa ametimiza miaka 17, umri wa kuchukua kitambulisho chake mwenyewe.

Anayedhani haya ni ya Wakristo peke yao awakumbuke Waislamu wa Batuplat, Kupang, waliokwama na ujenzi wa msikiti wao, na wale wa Minahasa Kaskazini ambao mahali pao pa sala paliharibiwa na umati Januari 2020. Huko sisi Waislamu ndio wachache, na karatasi ni hii hii.

Kwa hiyo nawasihi: someni kabla ya kutia sahihi, tieni kwa mkono wenu, msipokee hata rupia moja, na mkishatia msiifute kwa kutishwa. Kwenda kwa mtendaji wa kata kuthibitisha, nendeni watatu wanne. Akisema sahihi hazijafika 60, mwambieni kwa adabu kwamba kanuni ile ile inaitaka serikali isaidie kupata mahali pa ibada, maadamu wale 90 wametimia.

Usiku wa tarehe 24 Desemba 2000, Riyanto, kijana Mwislamu wa kikosi cha ulinzi cha Banser, alikuwa akililinda kanisa la Eben Haezer mjini Mojokerto. Lilipoonekana bomu alilibeba kulitoa, likamlipukia. Hakuna anayetuomba sisi kiasi hicho.

Karatasi ya mtaa wetu iko kwangu tangu jana. Mlango hauna komeo mpaka saa tatu usiku. Jina langu liko mstari wa kwanza. Imebaki mistari 59.

Ndugu yenu,
Katibu