Mbwamaji Haikumngoja Sayyid Majid

Historia ya Dar es Salaam huanzishwa kwa sentensi moja: palikuwa na kijiji cha wavuvi kikiitwa Mzizima, akaja Sayyid Majid katika miaka ya 1860, akajenga mji. Ni sentensi nyepesi kukariri, na wanafunzi wanaikariri. Walakini ndani yake mna dhulma, kwani watu waliokuwa na miji yao wamegeuzwa watazamaji wa mji wa mwingine. Visiwani nako hadithi hii inapendeza, na sababu haifichiki: mwanzilishi anatoka Unguja.

Anayevuka bandari kwenda Kigamboni, sehemu iliyokuwa ya Temeke hadi ilipofanywa wilaya ya peke yake katika miaka ya 2010, akaifuata pwani kuelekea kusini, hufika Gezaulole. Jina hilo la Kizaramo, maana yake "jaribu uone", ni la enzi ya vijiji vya ujamaa. Chini yake limelala jina kongwe, Mbwamaji, pamoja na mabaki ya msikiti na makaburi ya mawe. Huko walikaa Mashomvi, wanaojinasibisha na Barawa, na nyuma yao Wazaramo, wenye ardhi na sandarusi. Mwaka 1857, Majid hajaweka jiwe lake la kwanza, Richard Burton alianza safari yake ya bara. Na katika maandishi yake njia ya Mbwamaji imo miongoni mwa njia kuu za misafara. Njia kuu ya pembe haiteremki bara ikaishia kwenye nyavu za wavuvi.

Hapo hutolewa jibu lililozoeleka: Mbwamaji ilikuwa ndogo mno. Haina kasri kama Husuni Kubwa ya Kilwa, wala haikupiga sarafu. Hata Kunduchi, upande wa Kinondoni, walau ina nguzo za makaburi zilizopambwa kwa sahani za Kichina.

Hoja hii ya ukubwa ni kongwe, na ilikwisha kujibiwa na Myunani. Katika karne ya pili baada ya Kristo, Pausanias alipita Panopeus, kimji cha nchi ya Phokis. Akashangaa kama pale pastahili kuitwa mji: hapana ofisi za serikali, hapana ukumbi wa michezo, hapana soko, hapana maji ya kujengewa, na watu wakaa vibandani ukingoni mwa genge. Hata hivyo akakiri kwamba wana mipaka yao na majirani, na kwamba hupeleka wajumbe katika baraza la Wafokisi. Akawaandika. Kwa ajili hiyo Panopeus ingali ikisomwa leo, ilhali Mbwamaji, iliyokuwa na mijumbe, msikiti, makaburi na njia ya misafara, haikupewa hata nusu ya ukurasa katika vitabu vya shule.

Wako wanaoitafuta Rapta, bandari iliyotajwa na baharia Myunani wa karne ya kwanza, na mwaka 2016 magazeti yalitangaza kuwa huenda imezama karibu na Mafia. Na itafutwe. Lakini ni ajabu ya pwani hii kwamba mji uliotajwa na mgeni huzamiwa baharini, na mji uliosimama juu ya nchi kavu huachiwa magugu.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyahesabu kuwa mambo ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, yaani takriban mwaka ule ule wa Majid. Sheria imekiri kwamba kabla yake palikuwa na kitu, vitabu bado. Ila sheria haifyeki vichaka, wala haimzuii mwenye shoka na shehena ya saruji. Tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, Kigamboni si ng'ambo tena, ni viwanja. Mbwamaji haihitaji mnara wa ukumbusho wala hotuba ya mgeni rasmi. Inahitaji mpima ardhi wa kuweka mawe ya mpaka kuzunguka makaburi yale, kabla hajafika mpima mwingine na ramani ya kuuzia.