Uvimbe Hausubiri Siku ya Mshahara



Hapa Nengo na kandokando ya Ziwa Kivu tumezoea kuambiana: uvimbe huo ni mzigo tu, utapoa. Mwenzetu mmoja alibeba magunia ya chai mwaka mzima, pajani ana uvimbe uliozidi yai la kuku. Hakuomba ruhusa, kwa kuogopa kupoteza ujira wa siku. Alipofika hospitalini, mfupa ulikwisha kuliwa. Sisi tunasema kosa hilo halikuwa lake peke yake.

Tukielewe kipimo chenyewe. Picha ya eksirei huonyesha mfupa, nayo ndiyo hutangulia. Mashine ya MRI hutumia sumaku kubwa, haina mionzi ya eksirei. Huonyesha nyama, mishipa na uboho wa mfupa. Mara nyingine mgonjwa hudungwa dawa ya gadoliniamu mshipani. Dawa hufuata damu: sehemu ya uvimbe iliyo hai hung'aa, iliyokufa au yenye maji matupu haing'ai. Hapo daktari hujua pa kuchukua kipande cha kupima maabara, na mpasuaji hujua pa kukata ili mguu uokoke. Picha haitoi hukumu peke yake. Kipande ndicho huthibitisha saratani.

Ninyi mnaochomelea na kusaga chuma, sikilizeni. Kama chembe ya chuma iliwahi kukuingia jichoni, mwambie mpimaji kabla ya kuingia chumbani. Sumaku yaweza kuisogeza, ukapofuka. Mwenye ugonjwa wa figo naye aseme kabla ya kudungwa.

Rwanda ina kituo cha saratani Butaro tangu 2012, na MRI ipo Kigali katika Hospitali ya King Faisal. Lakini Kigali ni kama kilometa 150 kutoka hapa. Mashine yamfaa nini mchuma chai asiye na nauli wala ruhusa?

Kwa hiyo tudai katika mkataba wa pamoja: ruhusa yenye mshahara siku za vipimo, nauli ya rufaa, na kazi imngoje mgonjwa. Nasi tutimize wajibu wetu. Uvimbe unaokua, ulio ndani sana au uliozidi sentimita 5, na mfupa unaouma usiku, upelekwe kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Mwili ndio mtaji wetu pekee. Tuulinde kwa umoja!