Programu bila maelezo ni mzigo kwa mkulima

KARANI wa chama cha msingi cha ushirika anapofungua kituo cha kununulia mazao asubuhi, huikuta mizani mahali alipoiacha jana. Mizani haihami usiku. Lakini programu ya simu au kompyuta anayoitumia kuandika kilo za kila mkulima inaweza kuhama. Jana kitufe cha kuhifadhi kilikuwa chini ya ukurasa, leo kimepewa jina jingine na kuwekwa ukurasa wa pili. Kijitabu cha maelekezo alichopewa kwenye semina bado kinaonyesha picha ya zamani.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Foleni inarefuka, gunia moja linaandikwa mara mbili na jingine haliandikwi kabisa, na mkulima anarudi nyumbani akiwa na stakabadhi yenye makosa. Fundi aliyeibadilisha programu yuko mjini, wala hana habari ya kilichotokea kituoni. Muuza duka anayetoa risiti kwa mashine naye yuko katika hali hiyo hiyo. Tanzania ilianza kutumia mashine za kielektroniki za kutoa risiti mwaka 2010, na tangu hapo kosa la kubonyeza limekuwa jambo la kodi, si la duka peke yake.

Mabadiliko haya ya mara kwa mara si uzembe. Yana asili yake. Zamani programu kubwa zilitengenezwa kama jengo: kwanza mchoro wote na vitabu vinene vya maelezo, kisha ujenzi, na mteja kukabidhiwa ufunguo mwishoni. Mara nyingi alikabidhiwa kitu kisichomfaa tena, kwa kuwa biashara yake ilikwishabadilika. Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa tamko fupi la kutetea mtindo mwingine, wakauita ajaili, yaani wepesi wa kubadilika. Katika mtindo huo programu hutengenezwa vipande vidogo vidogo, kwa awamu ambazo mara nyingi ni za wiki mbili. Kila awamu ikiisha mteja huonyeshwa kilichopatikana, naye husema kipi kibaki na kipi kirekebishwe.

Mkulima hawezi kuuona mtindo huo kuwa mgeni. Mbegu mpya hujaribiwa kwanza kwenye pembe ya shamba, haipandwi ekari zote kwa msimu mmoja.

Faida ya kujaribu kidogo na kusikiliza ilionekana katika huduma inayojulikana na kila msomaji. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio nchini Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo yao kwa simu. Wateja wa majaribio hayo hawakufika 500. Waliosimamia wakaona watu wanatumiana fedha wao kwa wao kwa shughuli ambazo hazikuwa katika mpango. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutumiana fedha ndiko kulikowekwa mbele, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Wangeng'ang'ania mchoro wa kwanza, huenda ingebaki kuwa huduma ya wakopaji wachache.

Lakini kila huduma inapobadilika, lazima mtu aambiwe. Menyu iliyobadilishwa haijifundishi yenyewe kwa wakala aliyezoea ile ya zamani.

Tatizo lilianza pale tamko la 2001 liliposomwa nusu. Moja ya hoja zake nne linaitanguliza programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka zinazojaribu kueleza kila kitu. Watu wale wale waliandika pia kuwa vitu walivyoviweka nafasi ya pili vina thamani, ila vile vya kwanza vina uzito zaidi. Wengi wameshika nusu ya kwanza na kuifanya kisingizio cha kutoandika lolote. Mwandishi wa maelezo huitwa siku ya mwisho, wakati programu inakaribia kukabidhiwa, naye hulazimika kubuni jinsi kitu kinavyofanya kazi kwa kukitazama tu. Kabla hajamaliza, awamu nyingine imekwishabadilisha alichokiandika.

Dawa yake si kurudi kwenye vitabu vinene. Dawa ni kuandika kwa mwendo ule ule wa kutengeneza. Timu zinazofanya kazi kwa awamu huwa na makubaliano ya lini kipande cha kazi kihesabiwe kuwa kimekamilika. Makubaliano hayo yataje maelezo ya matumizi waziwazi: kitufe kipya ambacho hakijaelezwa kihesabiwe kuwa hakijakamilika, hata kama kinafanya kazi vizuri mikononi mwa aliyekitengeneza.

Wapo wanaosema kuandika mapema ni kupoteza muda, kwa kuwa skrini itabadilika tena. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande wa picha, ndiyo maana picha ziachwe hadi mwisho wa awamu. Maneno hayawezi kungoja. Kama ukurasa mmoja unasema "makato" na mwingine unasema "ada" kwa kitu kile kile, karani atadhani ni vitu viwili. Mwandishi aliyekaa na mafundi tangu siku ya kwanza huliona hilo kabla halijafika kituoni.

Si kila kitu kinahitaji kuandikwa. Kinachoonekana wazi kwenye skrini hakina haja ya ukurasa. Kiandikwe kile kinachoumiza: fedha zikienda kwa namba isiyo sahihi, mtandao ukikatika kabla risiti haijatoka, uzito ukiandikwa kimakosa na mkulima amekwishaondoka. Mafundi nao waandikiane sababu za maamuzi yao, kwa maana fundi akihama kazi, chama hubaki na programu isiyo na mwenyewe.

Maelezo hayo yahifadhiwe pamoja na programu yenyewe na yabebe namba ile ile ya toleo, ili mwenye kijitabu ajue kama anasoma cha leo au cha mwaka juzi. Kisha yajaribiwe. Apewe muuza duka ambaye hajawahi kuiona programu, aachwe afanye kazi bila kuelekezwa kwa mdomo. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha. Mara nyingi itaonekana kuwa ukurasa uliohitaji maelezo marefu ulitengenezwa vibaya tangu mwanzo, na kurekebisha skrini ni rahisi kuliko kuandika aya tatu za kuitetea.

Wanaolipia programu hizi wana sauti kubwa kuliko wanavyodhani. Vyama vya ushirika, halmashauri, benki na kampuni za simu ziweke katika mikataba kwamba malipo ya kila awamu yanategemea pia maelezo yake, kwa Kiswahili kinachosomeka, na kwamba mabadiliko yatangazwe kwa watumiaji kabla ya kufika kwenye simu zao. Mabadiliko makubwa yasiletwe katikati ya msimu wa kununua mazao.

Mfanyabiashara mdogo naye, kabla ya kulipia, aulize mambo matatu: maelezo yako wapi, yaliandikwa kwa toleo gani, na nani atapokea simu mambo yakiharibika. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo anauza kitu ambacho hajakimaliza.

Hakuna anayedai kitabu kizima kwa siku moja. Ukurasa mmoja sahihi katika kila awamu unatosha. Haba na haba hujaza kibaba, na karani anayepima kilo za wengine anastahili kibaba kilichojaa.