Kabla ya Kununua Pazia

Wasomaji wapenzi, hasa ninyi wa Kaniha na vijiji vya jirani, safari hii tuzungumze habari ya ukumbi wa michezo. Najua wengine watacheka. "Ukumbi gani? Sisi tuna banda tu!" Haya, banda hilo hilo. Kama vijana huigiza ndani yake, na watoto huimba humo siku ya kufunga shule, basi ni ukumbi wa michezo, nao huchakaa kama nyumba yoyote.

Ikifika siku ya kuutengeneza, kamati huketi, na neno la kwanza huwa pazia. Pazia jekundu! La pili ni rangi. Sina ugomvi na pazia, lakini fedha za kijiji ni chache, na zikianza kuliwa na vitambaa, paa litabaki linavuja vile vile. Anzeni juu. Fundi na apande, achome kila boriti kwa ncha ya kisu. Mti ulioliwa na mchwa hupokea kisu kama ndizi iliyoiva, hata ukiwa umepakwa rangi nzuri. Huo utolewe, usifichwe.

Kisha tazameni mahali pa kukaa. Kule Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanya kazi wa kijiji cha Kamiriithu walijijengea ukumbi kwa mikono yao. Kwanza walipanga njiti za viberiti chini, kuwa mfano wa ukumbi. Ndipo wakainua jukwaa la nusu duara, nyuma yake ukuta wa mianzi, na mbele yake viti virefu vya mbao vilivyopangwa kama ngazi. Watu 2,000 waliweza kuketi, na paa halikuwapo. Mchezo wao, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kikuyu, uliondolewa ruhusa na serikali tarehe 16 Novemba 1977, na tarehe 12 Machi 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Yaliyojengwa kwa jasho la kijiji kizima yakawa kifusi kwa siku moja. Lakini ile ngazi ya viti yafaa tuichukue.

Maana sisi huyapanga mabenchi yote sawa sawa. Mzee mwenye kofia akiketi mbele, watoto watatu nyuma yake hawaoni kitu, nao wasipoona hupiga kelele. Dawa yake haina gharama kubwa. Watoto wakae mbele juu ya mikeka, wafuate wenye mabenchi mafupi, kisha mabenchi ya kawaida. Huko nyuma, jengeni vidato vya mawe na udongo ulioshindiliwa vizuri, kila kimoja kipande sentimeta 15 hivi. Kazi ya siku chache kwa vijana wenye majembe.

Habari ya sauti nayo. Kuta tupu za matofali hurudisha mwangwi, maneno yakagongana. Tundikeni majamvi makuukuu kwenye ukuta wa nyuma, mtasikia tofauti. Lakini mvua ikipiga bati, hakuna jamvi litakalosaidia. Michezo mikubwa wekeni kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi. Wengine wataniambia turudi kwenye nyasi, hazina kelele. Ni kweli, ila kumbukeni Bagamoyo: jumba la michezo la Chuo cha Sanaa, lenye paa la makuti, liliteketea kwa moto mwaka 2002.

Na hapa ndipo nawaomba akina baba na akina mama mnisikilize vizuri. Tarehe 30 Desemba 1903, katika mji wa Chicago, Marekani, jumba la michezo liitwalo Iroquois lilishika moto mchana, limejaa wanawake na watoto. Lilikuwa jipya kabisa, na zuri mno. Lakini milango mingine ilikuwa imefungwa, na mingine ilifunguka kwa kuelekea ndani, kwa hiyo watu waliosukumana walizidi kuifunga. Walikufa zaidi ya 600. Sasa nendeni mkautazame ukumbi wenu. Mlango ni mmoja? Hufunguka upande gani? Na yule kijana wa kukata tiketi, je, hutia komeo ili wasiolipa wasipenye?

Toboeni mlango wa pili, upande wa mbali na ule wa kwanza. Bawaba zihamishwe, milango yote ifunguke kwenda nje. Komeo lisitiwe kamwe watu wakiwa ndani, hata kama vijana kumi wataingia bure. Njia ya katikati isiwekwe benchi wala kiti cha mgeni wa heshima.

Zikibaki shilingi, haya, nunueni pazia. Moto wa Chicago ulianzia kwenye pazia lililoguswa na taa, kwa hiyo lenu litundikeni mbali na taa, na ndoo mbili za mchanga ziwekwe kando ya jukwaa.